Jioni Jirani Alipowasha Maji

Juzi nilipita stesheni ya Nakuru, rafiki yangu, na miguu ikakataa kuondoka. Nilimkumbuka nyanya na shuka lake, akichungulia mabehewa ya treni ya Mombasa moja moja, mimi nikimfuata nyuma na hindi langu la kuchoma.

Miaka hiyo ya hamsini tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, familia nzima chumba kimoja, harufu ya samaki wa kukaushwa ikipita kutoka jikoni hadi jikoni. Baba mdogo alikuwa ameenda Vita vya Pili vya Dunia na meli ya kubeba mafuta, asirudi. Baba alitaka tuzike shina la mgomba badala yake, kama watu wetu wa magharibi wanavyomzika mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Nyanya alikataa katakata. "Mnizikie mtoto akiwa hai?" Basi kila Jumamosi ikawa ni stesheni tu, kumtafuta.

Kisha akahamia jirani mpya, fundi wa karakana, mikono yake imejaa makovu ya moto. Kumbe alikuwa kwenye meli ileile! Alimweleza nyanya kwamba nyambizi ya adui iliipasua ubavuni, mafuta yakamwagika, bahari ikawaka, na baba mdogo alikuwa ndani ya moto huo.

"Maji huzima moto, kijana," nyanya akasema. "Nenda ukadanganye wengine."

Jirani alirudi jioni hiyo na karai la maji uani, akamimina petroli kidogo juu yake, akatuambia tusimame mbali, akarusha njiti ya kiberiti inayowaka. Mungu wangu! Maji yaliwaka. Moto ulicheza juu, na chini yake niliona maji yametulia tuli. Hadi leo sijaona kitu cha kunishangaza hivyo.

Nyanya alitazama mpaka moto ukazimika.

"Bahari yote?" akauliza polepole.

"Kila upande, Mama."

Ndipo nyanya akapiga kilio, majirani wote wakatoka milangoni.

Nyumba zile zilibomolewa zamani, na wote waliosimama uani siku hiyo wameshaenda, nimebaki mimi. Lakini mazishi nayaona wazi. Shina la mgomba lilifungwa kwa blanketi, bichi na zito ajabu, na wanaume wakaja kulibeba. Nyanya akawafukuza wote, akalibeba mwenyewe mpaka kaburini.