Panga la Mama na Mgomba wa Kitovu Changu

Kitovu changu kimezikwa chini ya mgomba, karibu na mlango wa jiko la mama, kule Bugarama. Ndivyo walivyotufanyia sisi watoto wa huko. Kwa hiyo mnyauko ulipoingia shambani mwake, sikuhofia ndizi tu. Nilihofia shina lile moja, na mama alilihofia kuliko mimi.

Ulianzia bondeni, mpakani na jirani. Majani yalilegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukiukata mgomba wenyewe, unatoa usaha wa manjano.

Kila nilipotoka kwangu Nyamiaga kwenda kumsalimia mama nilikuta umesogea. Mimi ni mtu wa kuuliza mpaka watu wanichoke. Kama ni upepo, mbona migomba ya pembeni palipo wazi ilisalimika? Kama ni maji ya mvua, tangu lini maji yakapanda mlima? Maana ugonjwa ulikuwa unapanda, unapinda kwenye jiwe kubwa, kisha unashika kijia kuelekea jikoni. Ugonjwa gani huu unaojua njia za watu?

Asubuhi moja nikamfuata mama kazini. Alianzia bondeni kwenye migomba iliyo hoi, akaikata majani yaliyonyauka, akaibandua maganda, huku akiipa pole. Kisha akapinda kwenye jiwe, akashika kijia, na panga lilelile likaendelea kwenye migomba yenye afya.

"Mama, kwa nini unaanzia kule chini?"

"Kwani mgonjwa anasubirishwa?" akanijibu. "Hapa kwetu mgonjwa hutangulizwa."

Nikaogopa kweli. Mnyauko ulikuwa ukisafiri kwa huruma yake. Na si yeye peke yake: redio ilipotangaza maradhi ya kuambukizana, kijiji kizima tuliacha kupeana mikono, kila mtu akaja na mrija wake kwenye pombe ya ndizi. Mapanga yakaendelea kuazimwa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyeyatilia shaka.

Nilipomweleza, alikasirika.

"Yaani mimi ndiye ninayeiua?"

Alikaa kwenye kigoda akilitazama lile panga, machozi yakamlengalenga, nami nikajuta kuwa na mdomo. Baadaye akainuka, akalisukuma kwenye makaa mpaka likawa halishikiki. Tangu hapo alianza na migomba mizima. Iliyougua aliikata kabisa, mwisho wa kazi, bila pole yoyote.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mgomba wangu ulikuwa umebeba mkungu, umeinama hadi kukaribia paa. Nilifurahi kama mtoto. Nikatoa kisu mfukoni nikate jani la kufunikia chakula, huku nikisema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alininyang'anya kisu, akakitumbukiza motoni, akasimama akikingoja.

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Wewe unatoka kwa watu," akasema, akiushika mgomba. "Mwanangu niliyebaki naye nyumbani ni huyu."

Kisu kilipokuwa chekundu, ndipo akanigeukia.

"Marahaba."