Right Zote za Mwalimu Wetu

Siku yangu ya kwanza nyuma ya usukani wa benne niliangusha koni zote za kuonyesha njia upande wa kuume, na nilikuwa natii kila neno nililoambiwa.

Benne ni yale malori makubwa yanayopandisha mawe kutoka shimo la madini. Gurudumu lake peke yake linanizidi kimo. Kampuni moja ya hapa Kolwezi ilikuwa imetangaza kwamba itafundisha wanawake kuyaendesha, na mimi, niliyekuwa nauza maandazi kando ya barabara ya kwenda Kingamyambo, nilijiandikisha kabla mume wangu hajamaliza kuniuliza kama nina akili timamu. Tulichaguliwa wachache. Aliyekuwa karibu nami zaidi ni mjane mmoja kutoka Lubudi, mwili mkubwa, sauti ndogo, ambaye aliwahi kuendesha trekta katika shamba la kaka yake.

Mwalimu wetu alitoka mbali kusini, nje ya nchi, na hakujua lugha nyingine ila Kiingereza. Darasani tulikuwa na mkalimani, kijana mpole aliyetufundisha maneno machache ya kazi: simama, enda, polepole, kushoto, kuume. Kuume ni right, alisema, na tukarudia sote. Lakini ndani ya benne kuna viti viwili tu, cha dereva na cha mwalimu. Mkalimani alibaki chini.

Basi siku hiyo mwalimu akapanda, akafunga mkanda, akasugua mikono na kusema, "Right." Nikawasha gari, nikakata kuume. Akashtuka, akanionyesha kwa kidole nirudi katikati. Nikarudi. Akafurahi, akasema tena, "Right, right." Nikakata kuume, mara hii kwa nguvu, maana alikuwa ameisema mara mbili. Koni zikaanza kulala chini ya magurudumu. Akanyoosha mkono akapiga kelele kwamba nisimame palepale, na katika kelele hiyo nilisikia right nyingine. Nikazidisha. Mwisho akavuta breki ya hatari mwenyewe.

Tulishuka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mkalimani akaja mbio akaniambia, "Mama, anauliza juu ya nini unaenda kuume kila mara."

"Juu anasema right, tata."

Mkalimani akamtafsiria. Mwalimu akamwuliza kama kweli anasema hivyo mara nyingi. Kijana akamwambia kwa adabu kwamba analisema kila anapofungua kinywa. Hapo mwalimu akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye vumbi, na sisi tukacheka kwa kumwona.

Mchana tulikula bukari, ule ugali wetu, na samaki kwenye kivuli cha lile lori, na hakuna aliyetaka kuzungumza jambo lingine. Mwalimu alitaja right moja, mkalimani akatafuta Kiswahili chake. Ile ya asubuhi, ya kusugua mikono, ilikuwa "haya, tuanze". Ile ya kufurahi ilikuwa "ndiyo, vizuri hivyo". Ile ya kelele ilikuwa "palepale". Kuna nyingine ya kuomba jambo lifanyike mara moja, na nyingine ya kumwambia mtu kwamba hakukosea. Tulikuwa tunazidaka kwa furaha, tunakatizana maneno, bukari inapoa. Mimi nikakumbuka kwamba hata Kifaransa chetu kina mtego huo: droite ni kuume, lakini ukimwambia mtu aende tout droit, hatakata popote. Mkalimani alipomweleza, mwalimu alishika kichwa.

Ndipo mama wa Lubudi akauliza juu ya ule usemi wa kila asubuhi, katika mkutano wa usalama unaoendeshwa kwa Kiingereza bila mkalimani, kwamba dereva ana right ya kusimama. Sisi tulikuwa tumeelewa kwamba ukisimama, usimame upande wa kuume.

Mwalimu aliacha kucheka. Alisema hapana, hiyo ni haki. Dereva akiona hatari ana haki ya kusimamisha gari, na hakuna mkubwa anayeruhusiwa kumlazimisha.

Mama wa Lubudi alitafuna taratibu. "Basi kila asubuhi banatupatia haki," alisema, "na sisi tunawaza ni parking."

Tangu siku hiyo nilijifunza kwa moto. Nilikuwa nasikiliza sauti yake kuliko neno lenyewe, ikipanda, ikishuka, ikikatwa fupi. Koni zikabaki zimesimama.

Siku ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha. Nilifika juu ya barabara inayoshuka shimoni nikaona maji yamekata mfereji katikati na udongo unang'aa kama sabuni. Nikasimama. Mkubwa wa zamu akanena kwenye redio, kwa Kiingereza, nishuke, na mwisho akaweka right ile ya mara moja. Nilielewa kila neno. Niliogopa, na chini ya woga kulikuwa na furaha ya kuelewa. Nikabonyeza kitufe, nikamjibu kwa Kiingereza changu kibovu kwamba barabara ni mbaya na nina right ya kusimama.

Mwalimu, kando yangu, alikunja mikono kifuani akasema kwa sauti ya chini, "Right." Hakuniamuru chochote. Alikuwa ananiambia kwamba sikukosea.

Mkubwa wa zamu alikuja na gari lake dogo, amekasirika. Alishuka, akapiga hatua kwenye ule udongo, buti likateleza, akadaka mlango asianguke. Alitazama mteremko kwa muda, kisha akaita mashine ya kusawazisha.

Alasiri, changarawe ikiwa imemwagwa na kushindiliwa, nilishuka. Nilipakiwa mawe hadi benne ikatikisika, nikaanza kupanda, injini ikinguruma chini ya miguu yangu, mji ukijitokeza kidogo kidogo juu ya ukingo wa shimo. Nilikuwa naimba bila kujua. Nilipomaliza kumwaga nilipiga honi ndefu kuliko inavyoruhusiwa, na mwalimu akageukia dirishani kana kwamba hakusikia. Chini, mama wa Lubudi alikuwa tayari ameshika ngazi, ananipigia kelele nishuke upesi, ni zamu yake.