Sahani ya Jirani

Juzi nilikuwa Makadara nakula mahamri kwa mbaazi, redio ya mkahawa ikatangaza kwamba timu ya taifa ya wanawake wa nchi jirani imefika kucheza kriketi na yetu. Nikaisukuma sahani kando. Ngoja nikueleze kwa nini.

Kichochoro chetu cha Mji wa Kale kilikuwa na kriketi yake, baada ya alasiri, kwa gongo la ubao wa sanduku. Mpira ukigonga baraza la nyanya yangu, wewe umetoka. Ukiingia jikoni kwa watu, umetoka na radhi uombe. Binti wa jirani alitupa mipira iliyopinda ikigusa mawe, na miaka yote ile sikuwahi kuugonga hata mmoja.

Mwaka mmoja, tukiwa shule, wageni kama hawa walikuja kucheza na timu yetu. Mwalimu wetu akatakiwa kupeleka wasichana wawili wawatupie mipira ya mazoezi, mbele ya wachaguzi wa timu ya taifa, akatuchagua mimi na binti wa jirani. Mwenzangu alikuwa nyumbani na homa, basi nikaagizwa nimwambie: Jumamosi, saa mbili, uwanjani.

Jioni nyanya alinipa sahani ya kaimati za moto, shira ikichuruzika, niipeleke kwa jirani. Binti mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Homa ilikuwa imeshuka.

"Mwalimu hakusema kitu?"

"Hakusema."

Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Hawakusema afanywe nini akiumeza ujumbe.

Jumamosi nilimwambia mwalimu kwamba mwenzangu bado mgonjwa. Wageni waliipiga mipira yangu hadi ukutani, na hakuna aliyeniuliza jina. Kesho yake sahani yetu ikarudi na mkate wa sinia, ukinukia iliki.

Baada ya redio ile sikuweza kukaa. Nilimfuata yule binti wa jirani dukani kwake, anakouza leso, nikamwambia yote huku uso ukiniwaka kwa haya. Aliendelea kukunja leso.

"Nalijua. Mwalimu alikuja kunitazama Jumamosi ile ile, akanikuta nafua, akaniambia ujumbe aliokupa. Mkate ule niliuoka mimi. Sahani ya jirani hairudi tupu."

Nyanya hayupo tena. Nyumba yake sasa hulala watalii, na barazani pake huegeshwa tuktuk. Watoto hawatumwi tena na sahani, salamu zapita kwenye simu. Navikumbuka vyote hivyo kwa uchungu, lakini kinachonitia aibu hadi leo ni mkate ule. Niliula wote, nikamtuma mdogo wangu akaulize kama umebaki mwengine.