Udongo wa Nyumbani Chini ya Mafunjo

Siku ile tulikuwa mimi, dada yangu anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho, mwenye boti, mhadhiri wa chuo kikuu na wanafunzi wake wanne. Mama na baba nao walikuwepo, mahali fulani chini ya maji, na kwa ajili yao sisi watatu tulipanda boti.

Kila muhula mhadhiri huyo huleta wanafunzi kwenye kinamasi chetu, ukishuka kuelekea ziwani kutoka Pap Onditi. Wanakata mafunjo, wanayapima, wanashindilia bomba la chuma chini na kutoa udongo waone tabaka zake. Mimi huwabebea vyombo na kuwaonyesha njia. Niliacha shule darasa la saba tulipomzika mama, kwa kuwa baba alikuwa ametangulia na wadogo walibaki mikononi mwangu. Mhadhiri huniita Mzee ingawa ananizidi umri.

Mahali wanaposomea palikuwa boma letu. Ziwa lilipopanda lilichukua nyumba, shamba la mtama na makaburi yote mawili, la mama upande wa kushoto wa nyumba, la baba upande wa kulia. Mafunjo yakafuata maji. Kabla sijapoteza kabisa mahali penyewe, nilifunga kitambaa chekundu kwenye kichaka cha mafunjo kilichosimama katikati ya makaburi. Kila Krismasi niliwapeleka wadogo zangu pale. Dada aliomba, mimi nikabadilisha kitambaa kilichooza.

Sasa mdogo wetu alikuwa anajenga upande wa Awasi, ambako tulikuwa tumepata kipande cha ardhi kisichofikiwa na maji. Kwetu, mwili usipoweza kuhamishwa, udongo wa kaburi huchukuliwa ukazikwa kwenye boma jipya, wazazi wasiachwe peke yao. Nilimwomba mhadhiri atutolee udongo huo kwa bomba lake, akakubali. Dada alikuja na sufuria mbili zenye vifuniko. Mdogo wetu ndiye alikuwa na haraka kuliko wote. Baba alipozikwa yeye alikuwa mtoto wa mgongoni, na hana hata picha yake.

Tulipokuwa tukienda, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mzee, huku kuna kiboko?"

"Yuko," mwenye boti akajibu kabla yangu. "Lakini yeye pia huuliza kama leo kuna wanafunzi."

Walicheka. Hata dada alicheka.

Tulifika kwenye kitambaa. Wanafunzi walisimamisha bomba, wakalishindilia. Lilipita kwenye mizizi, halafu likadidimia ghafla, wakakaribia kuliachia. Walipolivuta, lilileta tope la kijivu lenye magamba madogo ya konokono. Udongo wa boma letu ulikuwa mweusi, mzito, wa kunata. Nilijua hapo hapo, lakini nikasema, "Jaribuni tena."

Walijaribu tena. Yakaja magamba yale yale.

"Mzee," mhadhiri akasema taratibu, "haya mafunjo hayajashika chini. Chini ya mizizi ni maji matupu. Yanaelea, na upepo ukiyasukuma yanahama."

"Na kitambaa changu?"

"Kimehama nayo."

Alifungua simu yake, akatuonyesha picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani. Bati letu lilikuwa linang'aa pale. Alilinganisha na mahali tulipo, kisha akanyoosha mkono nyuma yetu, kwenye uwazi wa maji.

"Huko?" dada akauliza. "Si huko ndiyo tunapitanga na boti?"

Kila Krismasi tulipita juu yao, tukichoma upondo chini, tukienda kusalimia majani.

Tulirudi kwenye ule uwazi. Upande wa kushoto bomba liligonga saruji ambayo akina mama wa kanisa walichanga kumjengea mama. Walilisogeza ukingoni, na safari hii lilileta udongo mweusi. Dada aliupokea kwa mikono yote miwili, akautia kwenye sufuria.

"Mama, twende," akasema, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa kutoka hospitali.

Upande wa kulia maji yalikuwa na kina kirefu zaidi. Kaburi la baba halikuwahi kutiwa saruji. Bomba lilileta mchanga na kokoto za mtoni. Walisogea, wakashindilia, wakasogea tena, mpaka mikono yao ikachubuka. Mhadhiri alisema mafuriko yalichimba mkondo pale, na udongo wa zamani ulibebwa na maji.

"Ukapelekwa wapi?" mdogo wangu akauliza.

Mhadhiri aliangalia ziwani.

"Basi weka tu huo mchanga," mdogo wangu akaniambia. "Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi hata sura yake siijui, kaka. Nitajuaje udongo wake?"

Nilitaka kumkaripia, sikuweza. Nilimshika shingo kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mtoto. Alilia akiwa ameinamia magoti yake, na wanafunzi wakageuka wakajifanya wanafunga vyombo.

Mama tulimzika Awasi, tukaacha nafasi kulia kwake. Mdogo wangu ameshahamia nyumba yake, na kila ninapomtembelea ananiuliza kama maji yamepungua. Wanafunzi wakija, kabla hawajaanza masomo yao, namwomba mhadhiri ajaribu mara moja upande ule. Hajawahi kunikatalia. Mpaka leo bomba linaleta mchanga. Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza, hivyo kumtoa baba majini ni deni langu, na bado sijalilipa.