Spika za Kuegemea Ukuta

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu tulivyozoea kuviona kwa wakubwa tu vilianza kupangwa madukani hapa Dodoma. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa akitamani spika za kusimama sakafuni tangu kabla hatujaoana. Redio kaseti yetu ilikuwa na sauti ya kopo, na kila Jumapili alilalamika kwamba muziki wa dansi hausikilizwi hivyo.

Tulikwenda kwa mzee mmoja wa mjini ambaye zamani aliuza khanga na taa za chemli. Alisimamisha spika zake katikati ya duka, ndefu kufika kiunoni, kila moja na tundu la hewa mgongoni. Akaweka wimbo wa dansi, besi ikatupiga kifuani. Mume wangu hakuangalia nyingine. Niliuliza kama zitaenea sebuleni, akasema zitaenea. Tukazichukua pamoja na deki ya kuchezea kaseti.

Zilienea, ila kwa kubanwa ukutani. Sebule ya nyumba ile ya kupanga ilikuwa nyembamba. Ukizivuta mbele kidogo, mlango haufunguki. Hapo ukutani zilinguruma kama mashine ya kusaga. Mume wangu alisema ndiyo raha ya spika kubwa, nami sikubishana.

Baada ya msimu wa zabibu, mama yangu alikuja kutusalimia kutoka Makutupora. Alikuja na kaseti ya kwaya ya kanisani kwao, iliyorekodiwa wakati marehemu baba bado anaimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume. Nyumbani kwake hakukuwa na cha kuichezea. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye deki, akamwomba mkwewe akae kwenye kochi lililotazamana na spika.

Mama alisikiliza wimbo mmoja, akashukuru, akanifuata jikoni nilikokuwa nachambua mlenda. Kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwewe ovyo, kwa hiyo aliniambia mimi, kwa Kigogo, kwa sauti ya chini.

"Yule siyo baba yenu."

Nikamwambia kaseti ni hiyohiyo aliyoileta mwenyewe.

"Najua. Lakini baba yenu hakunguruma vile. Sauti yake naijua mimi."

Nilikwenda kusimama mlangoni nikasikiliza. Sauti ya nne yote ilikuwa mvumo mmoja, maneno hayasikiki, na wanawake wamezama kabisa. Nilimtafuta baba, sikumpata.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akazivuta spika mbele, na mama ilibidi aingie sebuleni kiubavu. Sauti ilitulia kidogo, lakini hatukuweza kuishi hivyo. Jumamosi tukakodi mkokoteni, tukazirudisha dukani, tukiwa na ile kaseti.

Mzee alikubali kutubadilishia kwa kuwa hazikuwa na mkwaruzo. Safari hii mume wangu aliomba kila jozi isukumwe hadi ukutani kabla ya kuwashwa, na mzee akaondoa mabeseni yake kupisha. Jozi ya kwanza ilinguruma kama zile zetu. Nyingine ilikuwa nyembamba, matundu yake yapo mbele, mbali na ukuta, nayo haikunguruma.

"Hizi hazina kishindo," mume wangu akasema.

Nikamwambia afumbe macho amtafute baba. Yeye alimfahamu baba akiwa tayari mgonjwa wa kifua, hakuwahi kumsikia akiimba. Alisikiliza hadi kiitikio, akarudisha, akasikiliza tena.

"Yule anayechelewa kuingia?"

Nikamwambia ndiye. Nikageuka kutazama mabeseni. Mume wangu akamwambia mzee atufungie hizo.

Nyumbani tuliziweka palepale ukutani na mlango ukafunguka vizuri. Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani. Wimbo ulipokwisha hakuinuka. Alimgeukia mkwewe mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Baba, naomba uirudishe nyuma."

Akairudisha. Mama aliondoka Jumatatu, akatuachia kaseti ile kwa sharti kwamba atakuwa anakuja kuisikiliza, na alikuja mara nyingi. Mume wangu aliendelea kusema kwamba kwa dansi, zile spika za kwanza zilikuwa bora, na kwa dansi alisema kweli.