Ukuta wa Upande wa Bahari

Aliyenipokea Maskati ni rafiki yangu tuliyekua naye mtaa mmoja huko Nakuru, tukaimba kwaya moja. Alinipa nafasi chumbani mwake, akanifundisha Kiarabu cha kazini, akanitafutia kazi zangu za kwanza za useremala. Kwa hiyo alipopata kazi ya kutengeneza chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba moja ya mtaa wa Azaiba, karibu na bahari, nilimfuata bila maswali.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Alitusemesha Kiswahili tangu mlangoni.

"Nnataka wajukuu zangu wapate mahala pa kusomea," alisema. "Kiangazi huku juu hapakaliki, na huko chini pananuka. Mtaweza?"

"Tutaweza, mama," rafiki yangu akajibu.

Tulianza na sakafu. Tukatandaza nailoni nene juu ya zege, tukapanga foamu, kisha plaiwudi. Kuta tukazisimamishia fremu za mbao, tujaze sufi ya kuzuia joto katikati na kufunika kwa bodi za jipsam. Kuta tatu zilikuwa kavu. Wa nne, wa upande wa bahari, ulitoka jasho. Ukiugusa, kiganja kinalowa.

"Huu tusiufunge," nilisema. "Tupake dawa ya kuzuia maji, tungoje ukauke."

"Sawa, ndugu yangu. Tutangoja."

Kesho yake alinituma mtaa wa Ghala kutafuta mbao. Niliporudi nilikuta ukuta umefungwa, skrubu zote zimeingia.

"Na dawa?"

"Niliipaka jana ulipotangulia nyumbani. Kwa joto hili, imekauka upesi."

Nikamwamini. Ningemchunguzaje mtu ninayelala chumbani mwake?

Miezi ikapita, mama akatuita. Jipsam ilikuwa imevimba, ina madoa meusi kuanzia chini, na wajukuu walikuwa wakikohoa. Mwanawe wa kiume alisimama kando.

"Hebu nambieni," mama akauliza, "nani kafanya ukuta huu?"

Rafiki yangu hakunitazama. "Ni huyu, mama. Mimi nilimwonya tungoje, hakusikia."

Nilipoanza kujieleza, mama aliinua mkono ninyamaze. Toka siku hiyo hakunisemesha Kiswahili tena. Alimwambia mwanawe kwa Kiarabu, naye akaniambia kwa Kiingereza: bomoa, urudie.

Nilibomoa peke yangu. Sufi ilikuwa imelowa chepechepe, na zege la nyuma halikuwa limeguswa na brashi hata kidogo. Nilimwita yule mwana aje aone. Alichungulia, akatingisha kichwa.

"Ninyi wawili mlikuja pamoja," alisema. "Haya ni yenu."

Nilipaka dawa, nikangoja mpaka ukuta ukakauka kweli, nikajaza sufi mpya, nikaufunga. Mama alishuka, akapitisha vidole ukutani, akasema "zeni," yaani vizuri kwa Kiarabu, akapanda ngazi.

Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo hata makanisa ya huko husali, baada ya ibada, rafiki yangu alinishika bega nje ya kanisa kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wewe una mkono mzuri," aliniambia akitabasamu. "Nilijua utaurekebisha."

Nilitamani akane kosa lake, au hata anitukane. Nilirudi chumbani, nikakunja godoro langu na kuhamia kwa Wakenya wengine walioishi Ghala. Nilipokuwa nikitoka, rafiki yangu alikuwa amekaa kitandani akila. Hakuniuliza ninaenda wapi.