Mdogo Wangu Hakuteleza

Mdogo wangu alikuwa fundi wa televisheni Kashai, katika chumba cha kupanga kilichojaa nyaya na vumbi. Mimi nalima Buhembe. Siku za mvua kubwa, shamba likiwa haliingiliki, nilikwenda kukaa naye. Sikuwa fundi. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu pale ilikuwa kumshikia tochi.

Watu walipoanza kununua TV bapa, zile za chogo zilikosa thamani. Tulizifuata Hamugembe tukapewa bure. Moja tuliikuta mama mmoja anawekea ndoo ya maji juu yake. Mdogo wangu hakutaka TV nzima. Alitaka kile kitu cheusi kilicho ndani, kikubwa kama ngumi, chenye waya mnene mwekundu unaokwenda kwenye kioo. Mafundi hukiita flaibaki. Kazi yake ni kuuchukua umeme mdogo na kuukuza hadi maelfu ya volti.

Mara ya kwanza aliponionyesha, aliunga flaibaki na betri ya pikipiki, akasogeza ule waya karibu na msumari. Cheche ya zambarau ikaruka kwa mlio kama wa samaki anayekaangwa, na chumba kikanuka kama hewa ya baada ya radi. Nilirudi nyuma nikagonga mlango. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua tyubu ya taa iliyoungua, ambayo mwenyewe alikuwa ameitupa, akaisogeza pale. Ikawaka mkononi mwake.

"Kaka," aliniambia, "hii imekufa kwa umeme wa ukutani tu. Kwangu bado nzima."

Alipenda mchezo huo, lakini hakuwa mtu wa mchezo. Kabla ya kugusa waya wowote alichomoa kibanio kinachounganisha betri na nyaya akakitia mfukoni mwake. Kila mara. Kisha alingoja, akagusisha bisibisi kumaliza umeme uliobaki. "Kibanio kikiwa mfukoni kwangu," alisema, "hakuna shetani wa kuniwashia."

Nyumbani kwa mama yetu, Muleba, nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Msimu wa senene, panzi wa kuliwa wanaofuata mwanga usiku, ulikuwa unakaribia, na waliokuwa na jenereta walikuwa wameshasimamisha mabati na taa zao. Mdogo wangu akasema tutamwekea mama mtego wetu: tyubu tano zilizokufa juu ya miti miwili, mabati chini yake, na pipa la kupokea senene watakaoteleza. Umeme utatoka kwenye flaibaki na betri.

Mama hakupenda. "Mwanangu, achana na huo moto wa kwenye makopo," alimwambia mbele yangu. "Utanizikisha mtoto."

"Waitu Mae," alimjibu kwa heshima ya Kihaya, "senene utakula mpaka useme basi."

"Nimekukataza."

"Nimesikia, Mae. Nitakuwa mwangalifu."

Tuliusimamisha Jumapili alasiri, baada ya ibada, mama akiwa kwa jirani, kwenye sakafu ya saruji ambayo baba aliijenga kwa ajili ya kuanikia kahawa. Mdogo wangu alikuwa amevua suruali ya kanisani na kuvaa bukta isiyo na mfuko. Alipotaka kupanda ngazi kufunga nyaya, alinipa kibanio.

"Kishike wewe. Usikigusishe kwenye betri mpaka nishuke."

"Sawa."

Akapanda. Wakati huo wanakwaya watatu wa kike walikuwa wanarudi kutoka mazoezini, wakasimama njiani. Mmoja wao nilikuwa namtaka siku nyingi. Alikuwa hajawahi kunitazama mara mbili.

"Shemeji," mmoja akamwita mdogo wangu, "hiyo taa itawaka leo, au tusubiri Yesu arudi?"

"Itawaka kabla yake," akajibu kutoka juu. "Mje na vikapu tu."

"Na huyo wa chini ni fundi pia?"

"Huyo?" akasema yule niliyekuwa namtaka. "Huyo ni wa kushikilia ngazi isikimbie."

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, mgongo wake ukiwa kwetu, mikono kwenye nyaya.

Nikagusisha kibanio kwenye betri na waya wake. Nilitaka iwake mara moja tu, waone kwamba aliyeiwasha ni mimi. Sikufikiri kitu kingine, na sitadanganya kwamba nilifikiri.

Tyubu mbili ziliwaka. Mkono wake ukaruka kama uliopigwa fimbo, na akaja chini kwa mgongo. Umeme ule ulimshtua tu. Kilichomuua ni sakafu. Wanawake walikuwa wakitazama juu kwenye mwanga, hakuna aliyeuona mkono wangu. Kabla sijamkimbilia nilitia kibanio mfukoni. Hilo nalo lazima niliandike, kwa sababu nilikitia mfukoni kwanza, ndipo nikamkimbilia.

Alikata roho njiani kabla hatujafika hospitali.

Kaka mkubwa ndiye anayeandika historia ya marehemu. Niliiandika kwenye karatasi ya daftari: alipozaliwa, alipobatizwa, shule aliyosoma, kazi aliyofanya. Mahali pa kifo niliandika kwamba aligusa waya kwa bahati mbaya akateleza kwenye ngazi. Niliisoma mbele ya jeneza, mbele ya mchungaji na watu wote wa kijiji, na sauti yangu ilipokatika walisema ni uchungu.

Mama hakulia kama akina mama wengine. Alisema neno moja, "Nilimkataza," akalirudia siku zote za matanga. Tulimzika kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua chache tu kutoka jikoni, lakini mama hakwenda kaburini. Asubuhi alifagia uwanja wote, na alipofika upande ule aligeuza ufagio. Wageni wakimpa pole alijibu, "Mtoto aliyenidharau." Miezi ikapita hivyo. Mimi nilikwenda kila Jumapili, nikampelekea sukari na sabuni, nikakaa.

Halafu siku moja nikamsikia akimwambia jirani, "Yule alikuwa mzembe tangu utotoni."

Mzembe. Mtu ambaye hakuwahi kugusa waya bila kibanio mfukoni.

Jirani alipoondoka nilikaa karibu na mama. Alikuwa anamenya ndizi.

"Mae, hakuteleza."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyewasha."

Aliendelea kumenya. "Hakukuambia usiwashe?"

"Aliniambia nisubiri mpaka ashuke."

"Sasa wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Wale wanakwaya walinicheka. Nilitaka wanione."

Kisu kikasimama. "Kwa hiyo mwanangu alikuwa mwangalifu," akasema.

"Kuliko sisi sote, Mae."

Akainuka, akaenda kaburini kwa miguu yake, akapiga magoti. Nilimsikia akimwita kwa jina alilomwita alipokuwa mchanga, akimwomba radhi kwa Kihaya, akimweleza kila alilomsema kwa kila mgeni. Sikuthubutu kumfuata. Nilichukua kisu nikaendelea kumenya, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Aliporudi jua lilikuwa limeshuka. Alikichukua kisu mkononi mwangu bila kunitazama.

"Hizo nitamenya mwenyewe," akasema. "Nenda kwako."

Nilikwenda. Baadaye nilikwenda pia kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikasema hivi hivi nilivyoandika hapa.

Sasa mama hufagia mpaka kaburini, na amepanda maua pembeni. Namshukuru Mungu kwa hilo. Jumapili bado nakwenda. Nikimsalimia anaitikia. Hajaniambia nikae, nami sijakaa.